Kopo Lenye Dawa

Walimwita Haipungui, na jina lilimkaa kama gauni lililoshonwa na fundi anayemjua mwenye mwili. Lilitokana na kazi. Mteja akiuliza bei, akatajiwa, akakunja uso na kuomba ashushiwe kidogo, jibu lilikuwa hilohilo, bila ukali na bila tabasamu: "Haipungui." Kisha anaendelea na shughuli zake kana kwamba mteja ameshaondoka. Wengi hawakuondoka.

Aliuza rangi za mimea. Hakuanza na mtaji wala na mjomba mwenye cheo. Alianza na maganda ya vitunguu. Wauza vitunguu sokoni walikuwa wakiyafagia na kuyatupa, naye akaomba awafagilie. Wakamcheka: huyu naye kakosa la kufanya. Walipojua kwamba akiyachemsha yanatoa rangi ya dhahabu ya kutia vitambaa, kicheko kilikatika, na maganda yakawa na bei. Hapo ndipo alipojifunza kutomwonyesha mtu anakitakia nini kitu chake, na kutomaliza maneno yote mbele ya mteja. Kutoka kwenye maganda akaingia kwenye manjano, kutoka manjano akaingia kwenye bitiruti, na mwisho rosela, lile ua jekundu ambalo likikauka huwa zito kama damu iliyoganda.

Sasa alikuwa na stoo yake: chumba kirefu cha bati, makopo yamepangwa ukutani, mashine ya kusaga mwisho kabisa, na kando ya mashine Mzee Kinu, msagaji wake, ambaye nyusi zake zilibadilika rangi kufuata kazi ya siku hiyo.

Katika stoo hiyo neno dawa lilikuwa na maana moja tu. Rangi ya mmea ikiachwa peke yake haishiki kitambaa. Ukifua, inakwenda na maji. Lazima itiwe kitu cha kuishikisha, na watu wa kazi hiyo hukiita dawa. Kwa rosela, Haipungui alitumia mrututu, yale mawe ya buluu wanayonunua wakulima kuua ukungu wa mimea. Kwa wateja wavivu wa kuchemsha mara mbili alichanganya kabisa unga wa rosela na unga wa mrututu ndani ya kopo moja, na kopo la namna hiyo lilifungwa uzi mweusi shingoni. Mtu akija, Mzee Kinu alimuuliza: "Yenye dawa au isiyo na dawa?" Hakuna aliyewahi kuelewa vibaya, maana hakuna aliyekuja pale akiwa mgonjwa.

Kisha akaja Mtafiti.

Alikuwa mwanamke kijana kutoka chuoni, mwenye mkoba mzito na tabia ya kunusa kila kopo kabla ya kuuliza. Alitaka rosela tupu, isiyochanganywa na chochote, tena ya shamba moja.

"Ya nini?" Haipungui aliuliza.

Binti wa watu hakujua kuficha. Akaeleza palepale, amesimama katikati ya vumbi. Wekundu ule wa rosela, alisema, ni jamii ya rangi iliyomo pia kwenye zabibu nyeusi, kabichi ya zambarau na mabilinganya. Inaitwa anthosianini.

"Antho-sijui-nini?"

"Sianini, mama. Tunataka kujua kama inaweza kuusaidia mwili kutumia sukari na kutorundika mafuta. Tumewanenepesha panya kwa makusudi, tukawapa. Waliopewa hawakunenepa kama wenzao."

"Kwa hiyo inapunguza."

"Panya," alisema Mtafiti, na kuinua kidole. "Tena panya wa kwetu, kwa kipimo chetu, na tunaichuja kwanza. Kwa watu bado ni swali. Naomba usije ukamwambia mtu ni dawa."

"Mimi nauza rangi, mwanangu," alijibu Haipungui, akampimia. Lakini maneno yale aliyaweka mahali pazuri, kama mtu aliyeokota kitufe cha shaba.

Haikupita muda, yakaanza kutoka. Mteja akisitasita mbele ya kopo la rosela, Haipungui alisema kana kwamba hana habari naye: "Hiyo chuo kinaichukua. Wanasema inapunguza mwili." Hapo alinyamaza. Panya hakuwataja. Hakuona kwamba ni uongo. Aliona ni kutomaliza maneno, na kutomaliza maneno ndiko kulikomjengea stoo.

Mmoja wa waliosikia ni dada yake mkubwa.

Dada mkubwa alikuwa fundi cherehani, mnene, mcheshi, mgonjwa wa kisukari. Alikuwa akimtazama mtu mara moja anajua kiuno chake. Vidonge vyake alivichukua kliniki, pamoja na mawaidha. "Kila nikienda naambiwa nipungue," alimwambia mdogo wake siku hiyo, mdomo umejaa pini. "Juzi nikamuuliza yule nesi, nipunguze wapi, kwenye mshono au kwenye pindo? Hakucheka. Watu wale hawacheki."

"Rosela yangu chuo kinaichukua," alisema Haipungui. "Inapunguza mwili."

Aliisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyokohoa. Dada akatoa pini mdomoni.

"Kweli?"

"Ndivyo wanavyosema."

Wakaingia kwenye mengine.

Siku ya mkasa Haipungui alikuwa ametoka kupatana bei ya magunia mapya, tena amepatana vizuri, na aliingia stoo akiwa na uso mwepesi. Mzee Kinu alizima mashine.

"Shemeji yako alikuja asubuhi. Nimempa kopo la rosela."

"La nini? Dada kaanza tena kutia rangi vitambaa?"

"Sikumuuliza ya nini. Nilimuuliza kama kawaida, yenye dawa au isiyo na dawa. Akacheka, akasema, mzee, yenye dawa, ndicho kilichonileta. Nikampa ya uzi mweusi."

Haipungui alikuwa anafungua kilemba. Mkono ukabaki kichwani.

"Alisema nini tena?"

"Aliuliza vijiko vingapi."

"Vijiko vingapi vya nini?"

"Nikamwambia viwili kwa lita ya maji ya moto." Mzee alianza kuona uso wa tajiri wake. "Si ndivyo ilivyo? Viwili kwa lita, ukitaka ikolee."

Alipiga simu ya dada. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akapiga ya shemeji, na shemeji, ambaye ni fundi wa friji, akapokea akiwa kichwa chake kimo ndani ya friji ya mtu, sauti inatoka kama ya mtu aliye kwenye pipa.

"Shemeji! Nimekuibia kopo, utanisamehe. Dada yako alinisumbua, ile ya kupunguza mwili, ile ya chuo—"

"Ameshakunywa?"

"Nimemwachia amechemsha. Anasema ni chungu, nikamwambia dawa ni—"

"Shemeji. Ameshakunywa?"

"Sijui mimi, nilikuwa natoka. Kwani vipi?"

"Ina mrututu."

Upande wa pili kitu cha chuma kikaanguka.

Haipungui alitoka mbio na kurukia pikipiki ya kwanza kijiweni. "Kwa fundi cherehani, dada yangu. Twende!" Dereva, aliyemjua miaka, hakuwasha. Aligeuza shingo kumtazama.

"Mama, leo hujauliza bei?"

"Washa!"

"Basi kuna msiba," alisema dereva, akawasha, akaendesha mpaka kwa dada.

Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi. Taa ndogo ya cherehani inawaka mchana, sindano imeshuka katikati ya mkono wa shati, uzi haujakatwa. Dada hakuwa mtu wa kuacha sindano ndani ya nguo. Simu yake iliita kwenye droo, chini ya mabaki ya vitambaa. Ni Haipungui mwenyewe aliyekuwa bado anaipiga. Muuza viatu wa jirani akachungulia.

"Amekwenda nyumbani. Kasema tumbo linamkata. Nikamtania, umekula nini cha siri, hakunijibu. Mimi nikasema, huyu akikosa jibu basi anaumwa kweli."

Nyumba ilikuwa nyuma ya safu ileile ya maduka. Haipungui alimkuta dada jikoni, ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kabati, beseni katikati ya miguu yake. Jasho limemlowesha. Kilichokuwa ndani ya beseni kilikuwa na rangi ya kijani inayoelekea buluu, rangi ambayo haitoki ndani ya mtu. Juu ya meza palikuwa na jagi, kikombe, na kopo lenye uzi mweusi shingoni.

Dada akainua macho, akajaribu kutabasamu.

"Mdogo wangu, dawa yako kali. Naona inafanya kazi. Inatoa yote."

"Umekunywa kiasi gani?"

"Kikombe kimoja. Cha pili kilinishinda katikati. Nimekiacha, nitamalizia nikitulia."

"Humalizii kitu. Inuka, twende hospitali."

"Hospitali gani, kwa kutapika? Dawa ya kusafisha lazima itapishe."

"Dada, hiyo si dawa."

"Shemeji yako kasema mzee wako kamuuliza, akachagua yenye dawa."

"Dawa ya rangi! Dawa ya kushikisha kitambaa! Umekunywa mrututu, dada, ule wa kupulizia mashamba!"

Dada alitazama beseni, akatazama kikombe, kama anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya, akitafuta kama kuna namna ya kuiokoa.

"Kwa hiyo nimejitia rangi kwa ndani," alisema. "Sitachuja."

"Inuka."

"Siendi. Nikienda watanipima sukari."

"Wapime, kuna nini?"

Dada akageuzia uso kabatini. "Nimeacha vidonge. Tangu uliponiambia habari ya chuo. Nilijua iko dawa ya mmea inakuja, nikasema nipumzishe tumbo. Wewe si mtu wa kusifia kitu cha bure. Nilisema, huyu mdogo wangu akikisifia kitu, basi kipo."

Haipungui aliwahi kuwageuza wauzaji wenye vichwa vigumu kama nanga, lakini pale jikoni alitumia mikono. Alipita nyuma ya dada, akamwingiza mikono kwapani, akavuta. Dada alikuwa mzito. Akavuta tena. "Utaniumiza mgongo," alisema dada. "Ndiyo," alisema Haipungui, "nisaidie basi." Na dada, labda kwa kuhurumia mgongo wa mwenzake kuliko tumbo lake, akaweka mguu chini akasimama.

Dereva wa pikipiki alikuwa bado yuko nje. Alikuwa amekwisha kusimamisha teksi bila kuambiwa. Haipungui akalikumbuka kopo, akarudi kulichukua. Akalitia kifuani chini ya mtandio.

Hospitalini walipokelewa na daktari, mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu aliyekwisha kudanganywa mara nyingi siku hiyo. Dada alilazwa kitandani, pazia likavutwa nusu. Shemeji akaingia kwa kasi, nguo za kazi bado ziko mwilini, mikono ina grisi. Kabla hajamtazama mkewe alimvuta Haipungui pembeni, karibu na ukuta.

"Sikiliza. Usiseme imetoka kwako."

"Nini?"

"Watu wa afya watakuja. Watakufungia stoo, watakubeba na wewe, na mimi nitakuwa ndiye niliyemnywesha mke wangu sumu. Tutasema alipewa dawa ya kienyeji na mtu wa kupita. Daktari atamtibu tu. Kutapika ni kutapika."

Ilikuwa hoja nzuri. Haipungui alikuwa na sikio la hoja nzuri, na hii aliipima kwa uzito wake: stoo, makopo, Mzee Kinu ambaye hakuwa na kazi nyingine duniani. Alipima pia kwamba angeweza kusema nusu. Nusu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Daktari akawasogelea. "Amekunywa nini?"

"Dawa, daktari," alisema shemeji haraka. "Dawa ya mimea. Ya kupunguza uzito."

"Mmea gani?"

"Rosela."

Daktari akashusha mabega kidogo, na Haipungui aliuona ule mshuko. Aliujua. Ni mabega ya mtu aliyetulizwa na jambo asilolijua lote. Rosela watu wanaichemsha na kuinywa majumbani kila siku. Daktari alikuwa amekwisha kugeuka kwa nesi: "Muwekee maji, tumwangalie. Mpime sukari kwanza."

"Si dawa," alisema Haipungui.

Shemeji akamshika kiwiko. Akakitoa.

"Si dawa, daktari. Ni rangi ya kutia nguo. Nimeitengeneza mimi, kwenye stoo yangu. Ndani yake kuna mrututu, kijiko kimoja kwa tisa vya rosela. Alikunywa kikombe kimoja na nusu kwenye maji ya vijiko viwili kwa lita. Na ameacha vidonge vyake vya sukari, kwa sababu yangu." Akatoa kopo kifuani, akamkabidhi. "Hilo hapo. Msiiamini harufu, rosela inaficha."

Daktari alilifungua, akalitazama karibu na taa, akalifunga. Mabega yalikuwa yamerudi juu. Akasema maneno machache ya haraka, na ghafla chumba kile kikawa na watu wengi zaidi. Damu ikachukuliwa, simu ikapigwa mahali, pazia likavutwa lote.

Baadaye alitoka kuwaambia. Hakuwazungusha. Mrututu unachoma tumbo, hilo wameliona. Lakini hatari iliyobaki iko kwenye figo na ini. "Na figo za mgonjwa wa kisukari hazihitaji kuongezewa kazi. Tumempa maji, tumempa tunachopaswa kumpa. Sasa tunangoja mkojo. Akikojoa vizuri, nitapumua. Asipokojoa, tutamhamisha pale penye mashine ya kusafisha damu."

"Tunangoja mkojo," alirudia shemeji, kama mtu anayejifunza lugha.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini, wawili hao, na nafasi ya mtu wa tatu katikati yao. Kila nesi alipopita, wote wawili walimtazama mikono. Kupitia pazia walimsikia dada akiulizwa, "Mama, unajisikia haja?" na dada akijibu, "Bado." Kisha baadaye tena, "Bado," kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Nesi akaandika kitu. Haipungui alijaribu kusoma uso wake akashindwa. Uso ule haukuwa wa sokoni.

Alimpigia Mtafiti. Alimweleza bila kukata, safari hii toka mwanzo.

"Mimi nilikwambia panya," alisema Mtafiti.

"Uliniambia panya. Mimi nikauza bila panya."

"Hata ile tupu, mama, hata isiyo na mrututu, isingechukua nafasi ya vidonge. Hatujafika huko. Huenda tusifike. Umemwambia nani mwingine?"

Mtafiti akauliza tena, polepole: "Mama. Umemwambia nani mwingine?"

Haipungui alikaa na simu sikioni akiwapitisha mmoja mmoja: mwanamke wa mapazia, bwana mmoja anayetia rangi kamba, wale ndugu wawili wa mikeka, mke wa mwenye duka la nyuzi ambaye alilalamika kiuno. Wengine walikuwa wamekwisha kurudi kununua mara ya pili, naye alifurahi, hakuuliza ya nini.

"Bado," dada alisema nyuma ya pazia.

Daktari akaja, akaingia, akatoka, hakuwatazama. Wahudumu wawili walisogeza kitanda chenye magurudumu mpaka kwenye mlango wa chumba wakakiacha pale, tayari. Shemeji aliinuka, akakaa, akainuka.

Halafu sauti ya dada ikapanda, kali, ile ya kwenye cherehani mteja anapotaka nguo ambayo siku yake haijafika.

"Nesi! Nileteeni hicho chombo chenu! Upesi! Na nyinyi wote tokeni!"

Kukawa na msukosuko wa viatu. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, au ndivyo ilivyokuwa kwa wale wawili, ambao walikuwa wameinamisha vichwa kuelekea pazia bila aibu.

Ilisikika. Kidogo kwanza, kama mtu anayejaribu bomba, kisha vizuri, kwa muda, kisha vizuri zaidi.

"Mnasikiliza nini huko?" dada alipaza sauti. "Hamjapata kusikia mtu mzima akikojoa?"

Shemeji alikaa chini sakafuni kabisa, akaficha uso kwa mikono yake ya grisi, mabega yakawa yanacheza. Nesi akatoka na chombo kilichofunikwa, akampa daktari. Daktari akafunua, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. "Tutapima tena mara nyingi," alisema. "Bado hajatoka hatarini. Lakini hiki ndicho nilichokuwa nakitaka." Kisha kwa Haipungui: "Nimewaarifu watu wa afya. Watakuhitaji."

"Watanikuta hapa."

Alitaka kuingia kumwona dada, lakini nesi alimwambia angoje. Akarudi kwenye benchi. Akafungua simu, akatafuta jina la mwanamke wa mapazia, akabonyeza. Iliita mara kadhaa.

"Mama wa rangi! Umenikumbuka leo?"

"Ile rosela uliyochukua. Ya uzi mweusi. Umeifanyia nini?"

"Nimetia mapazia. Yametoka vizuri sana. Kwani?"

"Hujaionja?"

"Nionje rangi? Una nini leo?" Yule mwanamke akacheka, kisha akasita. "Ila mama mkwe wangu aliniomba kidogo. Si wewe uliyesema inapunguza mwili?"

"Nenda kwake sasa hivi ukaichukue. Usingoje nimalize maneno, anza kutembea, nitakueleza ukiwa njiani." Akasubiri mpaka aliposikia mlango wa huko ukifungwa na viatu vikigonga ngazi. "Umetoka? Haya. Waliopungua walikuwa panya. Ndiyo, panya, wale wenye mkia. Sikukwambia. Tembea haraka."